Pakiti ya Berbere ya Asnakech

Duka kubwa la mtaa wa Bole lilipokubali kuuza berbere ya Asnakech, pilipili nyekundu iliyosagwa na viungo, lilimpa sharti moja tu: pilipili yake isiletwe tena kwenye vifuko vya plastiki vilivyofungwa fundo. Iwe na pakiti, na pakiti iwe na sura. Asnakech alikuwa akisaga na kuuza berbere sokoni Shola tangu ujana wake, na wateja walimfuata kwa harufu tu, kwa hiyo aliliona hilo jambo dogo. Atafute mchoraji, achore, yaishe.

Wa kwanza alikuwa Surafel, kijana wa maneno matamu aliyefanyia kazi zake kwenye mkahawa. Alisikiliza huku akiitikia kwa kichwa, akamwita Etiye kama anavyoitwa mama wa heshima, akasema, "Nimekuelewa, Etiye. Niachie mimi." Akaleta pakiti nyekundu inayong'aa, yenye pilipili iliyojikunja kama inayocheza ngoma. Asnakech akaipenda mno, mpaka siku mumewe Kebret aliporudi na chupa ya dawa ya kunyunyizia bustani. Pilipili iliyochorwa kwenye chupa ilikuwa ileile, mkunjo kwa mkunjo.

"Sasa mke wangu," Kebret akauliza, "hii yako tunakula au tunaulia wadudu?"

Surafel alipoulizwa, alijibu bila haya kwamba picha za mtandaoni ni za wote.

Wa pili, Natnael, hakuiba cha mtu. Huyo alichora mwenyewe, na alijua kuchora. Ila jina la Asnakech alilipinda na kulisokota hata jirani, mwalimu mstaafu, alilisoma mara mbili kisha akauliza kama ni sabuni.

"Ndiyo mtindo wa sasa," Natnael akasema. Alipoombwa arekebishe, alikubali vizuri kabisa, na tangu hapo simu yake ikawa haipatikani.

Asnakech alikuwa karibu kukata tamaa alipoutazama mfuko wa mkate aliotoka kuununua. Mkate uliochorwa pale ulikuwa wa mistari michache tu, lakini alihisi kama umetoka tanurini sasa hivi. Akarudi kwa mwokaji kuuliza ni kazi ya nani.

"Ya Mahider," mwokaji akasema. "Hana ofisi, anafanyia kazi nyumbani kwake. Ila ujiandae, yule binti anahoji kama polisi."

Mahider alikuja, akakaribishwa kahawa na bisi. Asnakech akamweleza anachotaka: picha yake mwenyewe akiwa na nguo nyeupe ya sikukuu, simba, kanisa, jebena, lile birika la udongo la kahawa, milima, na bendera kwa juu.

"Etiye," Mahider akasema taratibu, "pakiti ni ndogo kuliko Ethiopia."

"Wewe chora. Mwenye pilipili ni mimi."

"Nikivichora vyote hivyo, mteja hataona hata kimoja. Niambie kwanza, anayekuja Shola anakukumbuka kwa lipi?"

"Nimekuita uchore, sikukuita unipeleleze."

"Basi mimi si mtu wako, mama," Mahider akasema. Akashukuru kwa kahawa, akajiondokea.

Kebret akacheka mpaka akakohoa. "Waliokuitikia kila kitu umeona walikokufikisha. Amekuja wa kukubishia, umemfukuza."

Asnakech alinuna siku ile nzima. Kesho yake akapiga simu. "Uliondoka kabla ya kikombe cha tatu, kile cha baraka," akasema. "Nani kakufunza adabu hiyo? Njoo sokoni."

Mahider akaja. Alikaa nyuma ya magunia, anapiga chafya, machozi yanamtiririka, na daftari lake magotini. Akaona kitu ambacho Asnakech alikizoea hata hakioni tena: kila mteja aliyefika alinyoosha kiganja kabla ya kusalimia, na Asnakech akamdondoshea berbere kidogo aonje.

Mchoro ulipokuja, ulikuwa kiganja kilichofunguka, kirundo chekundu cha berbere katikati, na jina lake chini kwa herufi zinazosomeka.

Asnakech aliutazama kwa muda mrefu. "Mkono wa nani huu?"

"Wa mteja wako."

"Na mimi niko wapi?"

"Wewe ndiye uliyemwekea."

Asnakech alijifuta macho kwa ncha ya shali, akailaumu pilipili.

Siku pakiti zilipopangwa dukani Bole, Kebret, aliyesahau miwani nyumbani, alisimama mlangoni akanyoosha kidole moja kwa moja. "Ile pale, yetu." Mama mmoja alikuwa ameshatia mbili kwenye kikapu.

Jumapili hiyo Asnakech alipika mchuzi wa kuku, akamwita Mahider. Akakata kipande cha injera, ule mkate mpana na laini, akakikunja na nyama na yai, akamlisha kwa mkono wake, heshima ambayo huwa kubwa kadiri tonge lilivyo kubwa. Tonge lilikuwa kubwa hata Mahider akashindwa kufumba mdomo, na Asnakech, badala ya kumwonea huruma, akaanza kukunja la pili.