Mtu wa Kwenu Amepatikana

Afisa wa wakimbizi alitabasamu, na tabasamu hilo ndilo lililonikata maini.

"Nina habari njema," alisema kwa kile Kiingereza cha polepole wanachotusemesha wageni. "Mtu wa kwenu amepatikana. Anaishi hapa hapa Durban. Rudini Alhamisi, atakuja kuwatafsiria."

Mume wangu Respicius akasema asante. Alisema asante! Mimi sikusema kitu, kwa sababu katika mpango wake mimi nilikuwa mwanamke aliyepotewa na sauti tangu usiku ule askari walipovunja mlango wetu. Mimi, Matilda, msusi, ninayelipwa nusu kwa kusuka na nusu kwa kuongea. Nikainamisha kichwa nikavitazama vidole vyangu. Woga niliokuwa ninauigiza sasa ulikuwa wa kweli.

Maana hakuna askari aliyewahi kuvunja mlango wetu. Sisi ni Wahaya wa Bukoba, Tanzania, na "mtu wa kwenu" aliyepatikana alikuwa mtu wa Ginekweta, nchi ya upande wa pili wa Afrika ambayo Respicius na mimi hatujawahi kuikanyaga.

Msitucheke kabla hamjasikia. Respicius alishakamatwa mara moja kwenye msako pale Albert Park, tunapoishi, akalala ndani wiki nzima. Akaambiwa wazi kwamba akikutwa tena bila karatasi atapakiwa kwenye ndege. Apelekwe wapi sasa? Tulipokuja huku alikuwa ameuza kibanja cha baba yake, migomba, mibuni na makaburi yake humo ndani. Mhaya aliyeuza kibanja chenye makaburi ya wazee wake hana kwao. Akirudi mikono mitupu, atapita barabarani amwone mtu mwingine akikata mkungu juu ya kichwa cha baba yake. Nilimwambia usiuze. Alinijibu kwamba wanawake hawaelewi biashara.

Karatasi ya ukimbizi ndiyo ilikuwa njia pekee, lakini Tanzania haina vita. Wenzetu wengine walijidai Warundi au Wakongo, na wakaumbuka, kwa sababu Wakongo wamejaa Durban. Ukijidai Mkongo analetwa Mkongo halisi akusikilize, na ukishatamka maneno mawili tu anacheka. Respicius akajiona mjanja kuliko wote. Akatafuta nchi ambayo hapa haina mtu.

Aliipata kwa Achille. Achille ni Mkongo wa Bukavu tuliyepanga naye fleti moja, sisi chumba, yeye varanda iliyozibwa kwa mbao. Zamani alikuwa mpishi kwenye meli iliyokuwa ikitia nanga Malabo, mji mkuu wa Ginekweta, na mwanzoni mwa mwaka ule wa tisini na nane, redio ilipotangaza kwamba kisiwani kule kumetokea shambulio na Wabubi wengi wamekamatwa, yeye ndiye aliyetueleza Wabubi ni nani.

"Ni inchi kadogo sana, ndugu," alisema. "Batu bake hawafike hata nusu milioni. Mji mukubwa iko mu kisiwa, na inchi yenyewe iko ngambo, mbali. Ba-Fang ndio mingi. Ba-Bubi ndio benye kisiwa, lakini ni benye jina tu, hawana kitu. Wanasema español. Zamani walikuwa na cacao, sasa wamepata petroli, eish, petroli mingi! Unaona moto yake inawaka kule mu bahari, na wewe uko unakula na bougie, kale kamushumaa, juu courant ya umeme hakuna."

Respicius alimsikiliza mdomo wazi, na siku ile ile tukawa Wabubi. Kuanzia hapo, kila Jumapili tukitoka misani, Achille alikuwa mwalimu na mume wangu mwanafunzi. Akakariri mwaka Wahispania walipoondoka. Akakariri urefu wa mlima ulioko kisiwani, majina ya mitaa ya Malabo, mwaka mafuta yalipoanza kutoka, hata kile kisiwa kingine kidogo kilichotupwa kusini kabisa ambako meli hufika zikijisikia. Alikuwa akiyasema bafuni, nami ninapika nikimsikia. Nilifikiri, kama angesoma hivi shuleni angekuwa daktari. Lakini ujanja ule ulituletea kibali cha muda, na mwenye kibali cha muda akiona polisi hakimbii. Nilianza kulala. Wazungu wa Westville walianza kunijua pale saluni ya Yvette ninakosuka, wanaleta mabinti wao kusukwa rasta. Ndipo akapatikana mtu wa kwetu.

"Tusiende," nilimwambia Jumatano.

"Tusipokwenda kibali kinakufa kesho hiyo hiyo."

"Na tukienda atatujua akituangalia tu. Respicius, wewe Kibubi unajua nini?"

"Nitasema tulikulia bara, lugha imetupotea. Kihispania ninacho kidogo. Wewe kazi yako ni moja tu, nyamaza."

Sikula siku ile. Kila mara lifti ya jengo letu ilipolia nilidhani ni polisi wanapanda.

Alhamisi tuliketi mbele ya afisa, na mlango ukafunguliwa akaingia mwanamke wa umri wangu, sweta la kijani, mkoba wa vitabu. "Huyu ni Bi Pilar," afisa alisema. "Anasoma chuo kikuu Westville, anaishi Sydenham." Sitasahau uso alioingia nao. Ulikuwa umechanua. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa miaka bila kusikia lugha ya mama yake, akaambiwa njoo, ipo. Alitunyooshea mikono yote miwili, akatusalimu kwa maneno marefu matamu ambayo hatukuyaelewa hata moja.

Respicius akajikohoza. Akatoa Kihispania chake cha Achille, kwamba tulikulia bara, lugha imepotea, mke wangu ni bubu wa hofu. Mikono ya Pilar ikashuka. Akaketi. Akamuuliza kitu, polepole. Mume wangu akajibu, nami nikasikia majina niliyoyajua kutoka bafuni, mitaa, mlima, mwaka. Akamuuliza kingine. Akajibu kwa majina mengine na miaka mingine, na kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo. Tumekwisha, nikajisemea. Nilianza kusali kwa Kihaya kimoyomoyo, Bikira Maria utufiche.

Lakini nilikuwa ninamtazama yule mwanamke, kwa sababu bubu hana kazi nyingine. Niliona kiti chake kikisogea nyuma kidogo kuelekea mlangoni. Niliona mkoba ukipanda kutoka magotini hadi kifuani, ukakumbatiwa. Alipomaliza kuuliza hakumtazama Respicius tena, wala mimi. Alimtazama afisa peke yake.

"Ni watu wetu," alisema kwa Kiingereza. "Wanasema kweli. Wapeni."

Afisa akagonga mhuri. Sikuamini masikio yangu. Pilar alisaini palipotakiwa, kalamu ikamponyoka, akaiokota, akatoka bila kuaga.

Respicius alishuka ngazi zile nusu akicheza. "Umeona? Umeona? Nimemshinda hata mwenye nchi!" Mimi karatasi ilikuwa mkononi na sikuwa na furaha hata punje. Kwa nini mtu akudanganyie ofisi nzima, mtu asiyekujua? Hakuna mtu anayegawa uongo wa bure namna ile.

Tulimkuta nje, kwenye kona karibu na robot, wanavyoziita huku taa za barabarani. Taa iliwaka ya kijani, watu wakavuka, yeye hakuvuka. Alipotuona akaishika nguzo.

"Nimefanya mlichotaka," alimwambia Respicius kwa Kiingereza, sauti iko chini. "Waambieni nimefanya. Mama yangu ni mzee, yuko Malabo, hajui mambo ya mtu yeyote. Waambieni mimi ninasoma tu. Nyumbani kwangu msije."

"Tuwaambie kina nani?" Respicius aliuliza, akacheka kicheko cha mtu asiyeelewa. Mimi nilikuwa nimeelewa.

Alidhani tumetumwa. Alidhani ile serikali ya kwao, iliyokuwa ikikamata ndugu zake, imetutuma Durban kumtafuta, na kwamba mhuri ule ulikuwa mtego wa kumpima. Na nani angemlaumu? Wanakuja watu wawili wanaojiita Wabubi hawajui hata salamu ya Kibubi, lakini nchi wanayo kichwani yote.

Nikamshika mkono Respicius. "Mwambie."

"Umechanganyikiwa? Akirudi ndani akatusema?"

"Mwambie, mwanaume wewe! Huyu mtu anakufa hapa mbele yetu kwa woga."

"Twende nyumbani, Matilda. Karatasi tunayo." Na yeye alikuwa anaogopa, nilimwona. Alikuwa akiliona lile kaburi na ule mkungu.

Basi nikasema mimi. Nilisahau kwamba ni bubu. Nilipofungua mdomo Pilar alirudi nyuma kama aliyeona maiti imekaa, nami katika kuchanganyikiwa nikafanya nilichofundishwa na mama kumfanyia mtu ninayemheshimu, nikapiga magoti pale pale kwenye lami. Hilo nalo likamwogopesha zaidi.

"Simama! Watu wanatuangalia!" Pilar alisema.

"Dada, sisi si wa kwenu," nilimwambia kwa Kiingereza changu cha saluni. "Sisi ni Watanzania. Tumedanganya kwa sababu ya karatasi tu. Hatujatumwa na mtu. Nchi yako tumefundishwa na Mkongo mmoja, mpishi."

"Nilimuuliza mumeo mama yake alikuwa akimpikia nini siku ya mvua," alisema. "Akaniambia urefu wa mlima. Nani anaijua nchi yake hivyo? Ni wale waliofundishwa ofisini."

"Muulize mkewe, basi. Mama yangu siku ya mvua alikuwa anapika ndizi na maharage, sufuria moja, na majani ya mgomba juu. Na mvua za Novemba zikileta senene, wale panzi wanaoliwa, tulikuwa tunakesha kuwanyonyoa mabawa, vidole vinanata. Mwanamume hawezi kukueleza hayo, yeye huletewa sahani."

Kidogo, kidogo kabisa, mdomo wake ulitaka kucheka. Kisha ukajifunga tena.

"Waliokuja kwa kaka yangu walikuja na mwanamke," alisema. "Mpole. Alitupikia. Alilia na sisi. Mtu anaweza kufundishwa hata hayo ya panzi."

Nilisimama, magoti yangu yana mchanga, nikaona jinsi siku zake zitakavyokuwa. Atahama Sydenham. Chuoni hatakwenda, au atakwenda akigeuka nyuma kila hatua. Simu ya mama yake ataacha kuipiga, ili asimponze. Na mimi nitakuwa saluni kwa Yvette ninasuka rasta, karatasi mfukoni, iliyolipiwa na woga wa mtu. Woga ninaujua. Nimeishi nao kwenye chumba kimoja miaka miwili, najua unavyokula. Kumwachia mtu mwingine wangu juu ya wake, hapana.

Nilijiuliza ni kitu gani mpelelezi hawezi kukifanya. Anaweza kulia, anaweza kupiga magoti, anaweza kukusimulia mapishi ya mama yake. Kitu kimoja tu hawezi, kukitupa alichotumwa baada ya kukipata.

Nikageuka nikaelekea mlango wa ofisi.

"Matilda!" Respicius alinidaka begani. "Matilda, nakuomba. Nitakwenda wapi mimi?" Hajawahi kuniomba kitu maishani mwake. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, na nilimpenda pale kuliko siku ya harusi, lakini nikautoa mkono wake begani kwangu, kidole kimoja kimoja.

"Hata mimi sijui," nilisema. "Hata mimi naogopa."

Nilipanda zile ngazi nikijishikilia ukutani. Kila ngazi kichwa kiliniambia rudi, mjinga wewe, rudi. Nyuma yangu nilisikia viatu vya mwanamke. Vilikuwa vinanifuata kwa mbali, vikisimama nikisimama.

Afisa aliinua macho. "Mmesahau kitu?"

Niliweka kibali juu ya meza yake, wino wa mhuri bado mbichi. Pilar alikuwa amesimama mlangoni, mkoba kifuani, mguu mmoja nje.

"Ninaitwa Matilda," nilisema, na afisa akashtuka kusikia bubu anasema. "Kwetu ni Bukoba, Tanzania. Huyu dada hatujui na sisi hatumjui. Alisema ni watu wake kwa sababu alituogopa."

Afisa alikitazama kibali, akamtazama Pilar. Kisha akanyoosha mkono kwenye simu. Nilijua anampigia nani, na nilijua mahali Respicius alipolala wiki nzima sasa tutalala wote. Mkojo ulinibana kama mtoto.

Mkoba ukashuka kutoka kifuani kwa Pilar. Aliingia ndani, akavuta kiti, akakileta upande wangu wa meza, akaketi karibu yangu mpaka mabega yetu yakagusana.

"Weka simu kwanza," alimwambia afisa. "Mimi ni mkalimani, na huyu bado hajamaliza kusema."