Kizuizi Upande wa Kusini

Jumamosi ya pili ya mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi, Hyasinti Ndunguru alipanda juu ya bati la nyumba yake hapa Kitura akiwa na keke ya kuazima, spana mbili na karatasi ya maelekezo aliyoikunja mara nne. Dishi la intaneti lilikuwa limefika juzi yake. Lilivuka ziwa kwa boti kutoka Nkhata Bay hadi Mbamba Bay, likapandishwa milimani ndani ya gari la samaki, na bado lilinuka usipa, dagaa wa ziwani. Maelekezo yalisema kazi hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya mwenyewe, na Hyasinti alikuwa mtu wa kuamini kilichoandikwa. Alitafuta ilipo mbao ya kenchi kwa kugonga bati na kusikiliza, akatoboa, akafunga kishikio kwa bolti nne, kisha akaziba matundu kwa lami ili masika yasije yakamwaibisha.

Dishi lilikuwa zawadi ya Lidia, binti yake pekee, aliyeolewa Lilongwe. Lidia alikuwa na mtoto wa miaka minne, Kilian, ambaye babu yake hakuwahi kumwona. Kwa simu ya kawaida sauti ilipatikana ukisimama nyuma ya kigango, picha haikupatikana popote. Hyasinti alitaka kumwona mjukuu wake. Alilitaka hilo mpaka likawa linamuuma kifuani, ingawa kwa wenzake alisema anataka kufuatilia habari za kahawa. Kuja nyumbani Lidia alikuwa amekataa kwa miaka sita. Alishasema wazi kwamba atarudi siku mama yake mkubwa, Ephrasia, atakaporudi kwenye nyumba yake. Nyumba yenyewe ndiyo hiyo ambayo Hyasinti alikuwa amekalia bati lake.

Aliijenga kaka yake Hyasinti, ambaye naye aliitwa Kilian. Alipofariki kwa ugonjwa wa kifua, ukoo ulikaa sengu, yaani ulikula kwanza ugali na maharage pamoja, kisha ukajadili. Ikaonekana kwamba Ephrasia, mjane, hakuwa na mtoto, na kwamba nyumba ya matofali ya kuchoma haifai kukaliwa na mtu ambaye hana wa kumwachia. Hakuna aliyepaza sauti. Ephrasia aliteremka Mbamba Bay na godoro lake, Hyasinti akahamia na mkewe Bonifasia, na wiki hiyohiyo akaukata mparachichi mkubwa wa mbele ya nyumba, kwa sababu ulikuwa unaangusha matunda juu ya bati. Kisiki nacho alikichimbua. Kuni zake zilichoma matofali ya choo kipya.

Dishi lilipowaka, programu kwenye simu ilimwagiza ainue simu juu na kuzunguka polepole ili ipime anga. Alizunguka. Simu ilichora duara. Palipokuwa wazi paliwekwa rangi ya buluu, palipozibwa pakawekwa nyekundu. Mashariki palikuwa buluu, kaskazini na magharibi vilevile. Kusini, kuanzia ukingo wa bati hadi karibu na utosi, palikuwa pekundu, na wekundu huo ulikuwa na shina, matawi matatu makubwa na kiota cha ndege. Chini yake paliandikwa: Kuna kizuizi. Ondoa kizuizi.

Hyasinti alitazama kusini. Aliona ngoro za majirani, yale mashamba ya mashimo, zimejipanga kwenye mteremko, shimo kwa shimo, na juu yake anga tupu. Alifuta kioo cha kamera kwa pindo la shati, akapima tena, akapata mti uleule. Alishuka ngazi, akampelekea simu Bonifasia, aliyekuwa akimenya kahawa kwa mashine ya mkono.

"Ni mparachichi," alisema Bonifasia, akaendelea kuzungusha mashine.

Hawakushangaa. Kwa miaka sita kichanja cha kahawa kilikuwa kimehamishwa mara mbili, kwa sababu mbele ya nyumba kahawa haikukauka. Nguo zilizoanikwa pale zilikaa na unyevu mpaka jioni. Mchana wa jua kali kuku walijilaza pale, kwenye duara moja pana, na msimu wa maparachichi ukifika bati liligongwa, puu, puu, bila kuwa na kitu cha kuokota. Mke na mume hawakuwahi kulizungumza. Bonifasia alianika kwingine tu. Alikuwa anaogopa, na alikuwa amezoea kuogopa.

Hyasinti alilihamishia dishi nyuma ya nyumba, na mti ukainamia huko. Alisimika mlingoti wa mkaratusi akalifunga dishi kileleni, na kesho yake mti ulikuwa umerefuka. Jumatatu alipanda ngazi na panga, akalenga pale simu ilipomwonyesha, akakata hewa kwa nguvu zake zote. Panga liligonga, likazama, likakwama. Alivuta mpaka jasho likamtoka, halikutoka, akaliacha. Likabaki linaning'inia juu ya ua, mpini ukielekea barabarani. Watu waliokuwa wakienda kigangoni walilitazama, wakasalimia, wakapita. Kitura ni watu wa adabu.

Jumatano ukoo ukakaa tena, ukala kwanza. Augustino, katibu wa ukoo, mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko dhamiri yake, alifungua daftari la kikao cha miaka sita iliyopita na kusoma orodha ya vitu alivyokabidhiwa Hyasinti: nyumba, mikahawa yote, mashamba mawili ya ngoro, jiwe la kusagia. Mparachichi haukuwemo. Siku ile ulikuwa umeshapangiwa kukatwa, na hakuna aliyeona sababu ya kuandika kitu kitakachokuwa kuni.

"Basi hukuurithi," alisema Augustino. "Mti bado ni wa mjane."

"Lakini niliukata, kaka. Na kisiki nikachimbua."

"Ulikata kisicho chako, kwa hiyo hakijakatika. Kikao kinaona hivyo. Mwenyewe aje aukate."

Wote wakakubali. Mzee mmoja alifungua mdomo kama anayetaka kusema habari ya nyumba, kisha akamega tonge lililobaki.

Alhamisi Hyasinti aliteremka Mbamba Bay. Alimkuta Ephrasia nyuma ya duka la Zamda, aliyempangisha chumba, akigeuza usipa kwenye kichanja. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilimeta magamba hadi kwenye viwiko.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Bonifasia hajambo?"

"Hajambo, anakusalimia sana."

"Kahawa anaanika wapi siku hizi?"

"Nyuma ya nyumba."

"Nyuma hakuna jua la asubuhi," alisema Ephrasia. "Nilimwambia marehemu asiupande karibu hivyo. Akasema anataka kivuli mlangoni."

Hyasinti alimweleza habari ya dishi, ya wekundu, ya panga na ya daftari. Ephrasia alimsikiliza bila kuacha kazi. Hyasinti alipomaliza, alimuuliza, "Sasa ukoo unaniita nirudi, au unaniita nije kukata?"

Hyasinti alitazama maji. "Kukata, shemeji. Hayo mengine yalishaisha."

"Yalimwishia nani?"

 Ephrasia alilia kidogo akiwa palepale, akajifuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa na samaki.

"Nasikia mtoto wa Lidia mmempa jina la mume wangu."

"Ndiyo. Ni Lidia aliyempa."

"Nitakuja. Mtoto hana kosa."

Zamda alimsaidia kufunga mzigo: godoro, sufuria mbili, mwiko, nguo, picha ya harusi iliyozungushiwa shuka. Walipotoka nje Zamda alimshika Hyasinti mkono. "Baba, huyu anahama," alimwambia. Hyasinti alijibu kwamba wanawake wakisafiri hubeba vingi, akapakia mzigo kwenye gari.

Walifika Kitura Ijumaa asubuhi. Ephrasia alimsalimia Bonifasia, na Bonifasia akapiga goti kumsalimia, jambo ambalo hakuwa amelipanga. Kisha Ephrasia alikwenda kwenye kaburi la mumewe nyuma ya migomba, akang'oa magugu, akakaa huko kama nusu saa. Aliporudi alisimama katikati ya ua, akavua kandambili, akakaza khanga kiunoni, akaweka mguu juu ya kitu na kuanza kupanda. Alipanda kama mtu anayekwenda chumbani kwake, bila kutazama anapokanyaga. Kwenye tawi la kwanza alipumzika. Alipofika kwenye panga alilizungusha kidogo, likatoka, akaliangusha chini mbali na watu.

"Usikate mengi, shemeji!" Hyasinti aliita kutoka chini, simu mkononi. "Upenyo tu unatosha!"

Ephrasia hakukata hata jani. Alivuta matawi mawili upande mmoja, akayafunga pamoja kwa khanga. Kwenye simu wekundu ukafunguka katikati, ukaachia dirisha la buluu, na baada ya dakika chache paliandikwa kwamba dishi limepata anga. Hyasinti aliruka kwa furaha. Alitaka kumshukuru, lakini Ephrasia alikuwa akizungumza na Bonifasia.

"Mdogo wangu, nifungie kamba kwenye ule mzigo."

Bonifasia alifunga. Godoro likapanda, zikafuata sufuria, mwiko na picha ya harusi. Bonifasia alikwenda ndani akatoa blanketi zito, akalifunga nalo kwenye kamba bila kuombwa, maana hapa Kitura mwezi wa sita baridi haina mchezo. Jioni Ephrasia hakushuka, na kesho yake pia hakushuka. Alikaa pale, nyayo zake zikiwa usawa wa mgongo wa paa, mahali ambapo mtu aliyesimama uani aliona godoro, mwanamke na mawingu. Asubuhi alifagia, na majani makavu yakaanguka uani. Alipika, na moshi ukapita juu ya nyumba aliyokuwa akipikia zamani.

Jua lilipokuwa linazama kulisikika huko juu kikohozi cha mwanamume, kirefu, cha kifuani, na sauti ya Ephrasia ikimwambia anywe maji. Bonifasia alikitambua kile kikohozi. Hyasinti naye alikitambua. Aliingia ndani, akafunga mlango, akakaa kwenye kitanda alichofia kaka yake, kwa sababu hakikuwepo kingine, na akabaki hapo ameziba masikio mpaka chakula kilipoiva.

Usiku huo ukoo ulikaa mara ya tatu. Ulipokwisha kula, Augustino aliandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba mjane wa marehemu Kilian amepatiwa makazi ndani ya boma, mahali pa juu penye hewa safi, na kwamba kwa hatua hiyo ukoo umetimiza wajibu wake. Wajumbe walitia sahihi mmoja mmoja. Daftari likafungwa kwenye kamba ili mjane naye asaini. Lilirudi bila sahihi, likiwa na parachichi moja bivu juu yake, na wazee waliligawana kwa chumvi. Lilikuwa na mafuta mengi.

Jumapili baada ya misa Hyasinti alivaa koti, akaweka kiti mbele ya nyumba, akampigia Lidia. Picha ilikuja mara moja. Kwanza ilikuja sikio, kisha jicho, kisha mtoto mzima, na mtoto alikuwa na paji la uso la Kilian mkubwa na namna yake ya kukunja mdomo kabla ya kusema. Hyasinti alilia mdomo wazi, mbele ya watu, wala hakuona aibu.

"Babu analia," alisema mtoto.

"Babu anafurahi," alisema Lidia, akasogea naye kwenye picha. "Shikamoo, baba. Nionyeshe nyumbani."

Alimwonyesha. Alimwonyesha kahawa kwenye kichanja, kuku, mama yake, Bonifasia, akipunga mkono, choo kipya. Alikusudia kuishia hapo, lakini mkono ulikuwa umelewa furaha, ukapanda.

"Mama mkubwa!" Lidia alipiga kelele. "Shikamoo, mama mkubwa!"

"Marahaba, mwanangu," ilijibu sauti kutoka juu. "Huyo ndiye mtoto? Hebu mwinue nimwone vizuri." Kisha Ephrasia aligeuka akaita nyuma yake, kwa sauti ya kawaida ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili, "Njoo umwone wajina wako."

Majani yalisikika yakisogezwa, mahali pawili. Mtoto alipunga mkono, akasita, akapunga tena kuelekea pembeni kidogo.

 Hyasinti alirudisha simu usoni pake, akajaribu kuuliza habari za shule na hali ya hewa ya Lilongwe, lakini Lidia alimkatiza.

"Baba," alisema. "Nilisema nitakuja mama mkubwa akirudi kwenye nyumba yake. Huko juu si kwenye nyumba yake. Anaingia ndani lini?"

Picha ilikuwa safi kabisa. Hyasinti aliweza kuona unga kwenye vidole vya binti yake, na ukutani nyuma yake saa ambayo mshale wake mwembamba ulitembea bila kuruka hata mara moja. Juu, matawi yalikuwa yametulia. Bonifasia alikuwa ameacha kupunga mkono, akawa anamtazama mumewe.

"Lidia," alisema Hyasinti, "sikusikii. Mtandao unakata."

"Mimi nakusikia vizuri, baba."

"Haloo?" alisema Hyasinti, akiwatazama binti na mjukuu machoni. "Haloo?"

"Haloo, babu," alijibu mtoto, na akaendelea kumjibu kila alipoita.