Rispah wa Thelathini na Moja

Mwalimu Kipyegon, kiongozi wa kwaya yetu hapa Kitale, amefundisha hesabu miaka ishirini na miwili, na kwaya anaiendesha vilevile anavyosahihisha madaftari. Mwaka jana majaji wa mashindano ya kwaya walitukata alama kwa sababu safu moja ilikuwa fupi kuliko zingine. Mwaka huu aliapa kwamba tutasimama sawasawa au hatusimami kabisa.

Tulikuwa watu thelathini na mmoja. Jumamosi moja alitupanga kwenye nyasi nje ya kanisa. Wawili wawili: akabaki Rispah. Watatu watatu: akabaki Rispah. Watano watano, sita sita, hata kumi kumi, kila mara Rispah alisimama peke yake, kitabu cha nyimbo kifuani. Alikuwa amejiunga mwisho, kwa hiyo nafasi yake ilikuwa mkiani. Watu walianza kucheka. Mimi pia nilicheka, sioni haja ya kudanganya.

Mwalimu akatueleza kama watoto wa darasa la sita. Thelathini na moja ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kwa hiyo, ama tusimame mstari mmoja mrefu kama watu wanaongoja unga wa msaada, ama mmoja wetu atoke. Akauliza nani atajitolea. Kila mtu akaangalia viatu vyake.

"Si Rispah ndiye alikuja mwisho?" nikasema.

Rispah hakubishana. Alisema tu kwamba mashindano yatakuwa Bungoma, na mama yake, Nangila, atakuja kutoka Bumula. Mama huyo haoni tena, macho yamemwisha, na hajawahi kumsikia binti yake akiimba na kwaya. Ameshaahidiwa. Mwalimu alimpa pole, kisha mbele yake akaandika thelathini kwenye fomu: safu tano za watu sita.

Wiki tatu tulifanya mazoezi bila yeye. Sauti ya pili ikashushwa, ubeti mmoja ukaondolewa. Asubuhi ya mashindano mwenzetu Chepngeno akalazwa na malaria. Mwalimu akatuhesabu, akarudia. Ishirini na tisa. Nilimwona akinong'ona, anajaribu kwa mbili, kwa tatu, kwa tano. Namba tasa nyingine, na fomu ilishaenda. Mara hii hakuna aliyecheka.

Akampigia simu Rispah. Alifika mbio, sare imenyooshwa kwa pasi, bila shaka alikuwa ameitunza hivyo wiki zote tatu. Nilimkasirikia kwa kufurahi vile.

"Utasimama pahali pa Chepngeno," Mwalimu akamwambia. "Lakini usitoe sauti, utatuharibia bana. Wewe fungua tu mdomo."

Rispah akaniangalia. Nikashughulika na kola yangu.

Ukumbini Bungoma, Nangila aliketi mbele kabisa, kitambaa kipya kichwani, sikio moja amelielekeza kwetu. Tuliimba vizuri kuliko siku zote. Rispah alikuwa ubavuni pangu, anafungua mdomo na kuufunga, machozi yanamwingia humo humo. Pale ubeti ulipoondolewa alipotea kidogo, kisha akatufuata. Safu tano, watu sita, hakuna aliyezidi.

Tukawa wa kwanza. Majaji walisifu mpangilio, na Mwalimu akamshukuru Rispah mbele ya wote, ati ni mtu wa kutegemewa.

Nilimsindikiza kwa mama yake, kwa sababu ingekuwa aibu kutomsalimia. Nangila alipapasa sare ya binti yake, kola, vifungo, hadi viganja.

"Nimesikiliza mpaka mwisho," akasema. "Wewe hukuimba."

"Nilikuwa pale, mama."

"Sauti yako naijua. Tangu utoto wako naijua. Mbona unanidanganya na hii nguo?"

Rispah akanigeukia. "Lorna, si ulikuwa karibu na mimi? Mwambie mama."

Mama akageuza uso upande wangu. Akaniuliza kwa upole kama nilimsikia mtoto wake akiimba. Nyuma yetu Mwalimu alikuwa anapigwa picha na kombe. Ningeweza kumweleza yote, lakini ningelazimika kuanza na ile Jumamosi, na maneno yaliyotoka kinywani mwangu mwenyewe.

Nikasema hapana, mama, sikumsikia.