Mpaka Ukingoni Sauti Ni Ile Ile

...na kaka mkubwa bado anaongea, mdogo wake wa kike simu ameibana kati ya sikio na bega, mikono kwenye kibodi, macho kwenye skrini ambako nukta nyekundu zinaota kama vipele, kila nukta ni mtu aliyekuwa anaongea na sasa anasema haloo, haloo, na hakuna wa kumjibu, na kaka anasema "...wifi yako kachoka, usidhani anamchukia Mama, kachoka tu, binadamu ana mwisho," naye anaitikia mm, ndiyo kaka, mm, nani asiyechoka, yeye mwenyewe amechoka hadi kope, tangu asubuhi hajanyanyuka kwenye kiti hiki kinachonung'unika kila akipumua, chai imepoa imefanya utando, na setilaiti hazijui kuchoka, zinapita tu huko juu, moja ikifuata nyingine, kila moja inamulika duara lake la ardhi kwa dakika chache kisha inaondoka nalo, na mtu aliyekaa kitako sebuleni kwake, hajasogea hata hatua, inabidi simu yake itolewe kwa inayoondoka ikabidhiwe kwa inayokuja, bila mwenyewe kujua, neno lisikatike mdomoni, na hiyo ndiyo kazi yake miaka yote hii, kukabidhi, ukimuuliza Mama binti yako anafanya kazi gani atakwambia anawapokezesha watu huko mawinguni, akicheka kwa kujivuna... "kwa hiyo Jumamosi," kaka anasema, "utampokea, au nimpigie mdogo wetu?" na mdogo wao atasema nitaangalia, kama alivyosema safari iliyopita, nitaangalia ndiyo dawa ya ukoo huu, na yeye pia ameshaitumia, maana chumba cha nyuma kimejaa maboksi, maana zamu zinabadilika, maana mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, miezi kwa kaka, miezi kwake, wiki mbili kwa mdogo, kisha kwa kaka tena, Mama anapigwa danadana na begi lake la zipu mbovu, mitambo ina adabu kuliko watoto wake, setilaiti inayoondoka haimwachii mtu mpaka inayokuja iseme nafasi ninayo, mlete, au iseme nimejaa, huko juu hakuna nitaangalia...

"Dada," anaita jirani wa meza ya pili, wanamwita Redio kwa sababu hazimiki, "Dada, nyekundu zimeongezeka tena, nadhani ni mimi, nimeziambia simu zisihame mpaka mawimbi yapungue nguvu, kama tulivyokuwa tunafanya kule," na kule ni kwenye kampuni ya minara alikotoka mwezi juzi, mazoea yana tabu, basi anaiziba simu kwa kiganja, kaka aendelee kukisemesha kiganja, "Wewe, hapa hatuna minara! Mnara ukiukaribia mawimbi yanapanda, ukiuacha yanashuka, simu inajua yenyewe kwamba safari imefika. Setilaiti iko mbali juu, uwe katikati ya duara uwe ukingoni, umbali ni karibu uleule, yatakuwa na nguvu, yatakuwa na nguvu, halafu ghafla huna kitu. Usiulize nguvu. Uliza saa ngapi, na mtu yuko wapi. Hivyo viwili tu." "Sawa, Mwalimu," anasema Redio, na kuanza kurekebisha huku anapiga mluzi, huyo ndiye Redio, hata kosa lake lina muziki, naye anakitoa kiganja, kaka yuko palepale, "...chakula anakula, siwezi kusema hali, anakula vizuri tu..." na usiulize nguvu, amelisema hilo kwa kila mgeni aliyeketi kwenye ile meza, analisema kama mtu anavyosoma dua, ulimi unakwenda peke yake, usiulize nguvu... na yeye kila Jumapili anampigia Mama anauliza nini, anasikiliza nini, sauti tu, sauti inayokuja kama kengele, sijambo mwanangu, mzima kama chuma, wewe umekula, anacheka, anakohoa kidogo, anacheka tena, naye anakata simu roho imetulia, halafu anamwambia mumewe, wifi anakuza mambo, Mama mbona mzima, hebu sikia anavyoongea, kumbe hicho ndicho kipimo chake chote, nguvu ya sauti, fundi mzima, mganga hajigangi, hata siku moja hajamuuliza Mama sasa ni saa ngapi, hajamuuliza Mama uko wapi hapo...

"Kaka," anamkata kauli, jambo ambalo hajawahi kulifanya, "hivi Mama anajua yuko wapi?" na kaka anajibu, "Si ndiyo hayo ninayokwambia siku zote, mdogo wangu, wewe unasema mm, mm. Jana alfajiri nimemkuta mlangoni kashavaa viatu, anasema anarudi kwao, mama yake anamsubiri. Na mimi ananiita kwa jina la marehemu mjomba. Nilimwambia Mama, mimi ni mwanao. Akalia. Alilia kama mtoto, nikajuta kumsahihisha," na sauti ya kaka inakwaruza, kaka huyu aliyesimama mkavu kwenye msiba wa Baba, na nukta nyekundu bado zinaota, Redio bado anapiga mluzi, simu bado imebanwa begani na shingo inauma, "Uko hapo?" anauliza kaka, yupo, yupo, anajiona mjinga na anaona uchungu, vyote kwa pamoja, Jumamosi ni mbali, haletwi mtu Jumamosi, atakwenda mwenyewe kesho, maboksi yatoke leo hii yakae barazani yanyeshewe kama yanataka, akifika akae naye kwanza palepale kwa kaka, siku kadhaa, Mama amzoee ndipo waondoke, kaka asimwachie mkono mpaka yeye awe ameshaushika, "Wewe, uko hapo?" na Mama akimtazama amwite kwa jina la yeyote ambaye Mama aliwahi kumzika, dada yake, shoga yake, mama yake mzazi, hatamsahihisha, ataitika abee...