Mrushaji Mashoto

Mfupa wa mtulinga begani mwa mwanangu ulivunjika mbele ya macho yangu, na jambo la kwanza lililonijia kichwani lilikuwa: mpango gani unafuata? Sisemi haya kwa kujitapa wala kwa kujuta. Ndivyo kazi inavyomfanya mtu. Joren alikuwa chali kwenye nyasi, daktari wa timu amemwinamia, watazamaji wote wa Chuo cha Tellman wameinuka, nami nimesimama ukingoni mwa uwanja nikiwaza jinsi ya kupata yadi nane bila yeye.

Mimi ndiye kocha wa mashambulizi. Katika futiboli yetu ya Kimarekani kila kitu huanzia mikononi mwa mtu mmoja, mrushaji. Yeye hupokea mpira kutoka kwa mchezaji wa katikati, kisha huamua: aurushe, ampe mwenzake, au akimbie nao mwenyewe. Joren alikuwa mrushaji wetu kwa miaka minne, na kila mpango niliouchora miaka hiyo niliuchora nikiuona mkono wake. Nyuma yake alikuwepo Emmett Tjaden, mwaka wa kwanza, mtoto wa wakulima wa mahindi na wafugaji wa nguruwe kutoka kaskazini mwa Iowa, mwembamba, mpole, kila unalomwambia anajibu, "Ndiyo, Kocha," hata pale ambapo jibu ni hapana.

Tangu Agosti kazi ya Emmett ilikuwa moja tu. Kila wiki aliwaigiza warushaji wa timu pinzani mazoezini ili walinzi wetu wawazoee. Wiki hii alikuwa fulani, wiki ijayo alikuwa fulani mwingine. Alijua mipango ya ligi nzima isipokuwa yetu.

Verlyn Pruitt, kocha mkuu, alitema maganda ya mbegu za alizeti, akanigeukia.

"Haya, Leland. Tuna nani?"

"Tuna Tjaden."

"Mungu wangu," akasema. "Mpe kofia yake basi, asije akavaa ya mtu."

Mechi ile ilikuwa ya mwisho ya msimu. Atakayeshinda kati yetu na Saint Odran angeingia mchujo wa taifa, mahali ambapo Tellman haijawahi kukanyaga. Atakayeshindwa angerudisha vifaa stoo kesho yake asubuhi, basi. Lakini mimi, kusema kweli, sikuwa nawaza mchujo. Joren alikuwa anamaliza chuo mwezi wa Mei. Tukishindwa, kitu cha mwisho alichofanya katika mchezo alioupenda tangu akiwa na meno ya utoto kingekuwa kulala chali akipiga kelele. Nisingeweza kuvumilia hilo. Mtu akitaka kuniita mbinafsi, na aniite.

Dakika zilizobaki niliwapa mpira wakimbiaji tu, na Saint Odran, si wajinga, wakajaza watu mbele na kutuzuia. Walisawazisha mwishoni kabisa. Kumi na saba kwa kumi na saba.

Vyuoni hatukubali sare. Muda wa nyongeza hauna saa: mpira unawekwa yadi ishirini na tano kutoka mstari wa mwisho, timu moja inashambulia, kisha nyingine inapewa nafasi ileile, na mwenye pointi nyingi baada ya zamu hizo anakwenda nyumbani akiimba. Unapata majaribio manne kusogea yadi kumi. Ukizipata, unapewa manne mengine. Nahodha mwenza wa Joren, Otis Grable, mchezaji wetu wa katikati, mwili kama friji, alishinda kurusha sarafu akachagua tuanze kulinda. Kila mtu hufanya hivyo. Anayeshambulia wa pili anajua anachohitaji. Otis angechagua vinginevyo, watu wangesema amelewa.

Sikufikiri hata kidogo kwamba kujua unachohitaji ni raha kwa mzoefu na ni mzigo kwa mgeni. Saint Odran walivuka mstari bila jasho, pointi sita, wakapiga mpira katikati ya nguzo, moja juu yake. Saba. Emmett akajua anachohitaji. Nilimwona akifunga kamba ya kofia, akaifungua, akaifunga tena.

"Tjaden, uko sawa?"

"Ndiyo, Kocha."

Uongo mtupu.

Jaribio la kwanza tulimpa mkimbiaji, yadi mbili. Jaribio la pili nikaita mpango niliouamini kuliko yote, ule ambao Joren angeucheza akiwa usingizini: pokea, kimbilia kulia, mtupie mtu aliye pembeni. Emmett akapokea, akakimbilia kulia, akajikunja mwili mzima kama mtu anayejaribu kujikuna mgongoni, na mpira ukatoka mkononi ukitikisika. Mlinzi wa Saint Odran aliudaka ukamponyoka. Angeung'ang'ania, zamu yetu na mechi vingekwisha palepale.

"Ala! Anafanya nini huyu?" nikafoka. "Kitu rahisi hivi!"

Nikaomba mapumziko, ya pekee tuliyokuwa nayo. Wakati huo Joren alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono umefungwa kifuani, koti limetupiwa begani. Alitakiwa awe ndani na daktari. Uwanjani huwa ananiita Kocha kama wengine, tulikubaliana hivyo alipoingia chuoni, lakini safari hii alisahau.

"Baba, Emmett ni mashoto."

"Najua ni mashoto."

"Sasa mbona unamkimbiza kulia?"

Nilijua, ndiyo. Nilijua kama unavyojua jirani yako ana ndugu mahali fulani. Nilimwona kila siku akirusha kwa mkono wa kushoto upande wa pili wa uwanja, akiigiza watu wengine, na haikunipitikia kwamba siku moja atarusha kwa ajili yangu. Mtu anayerusha kwa kushoto ukimkimbiza kulia, ni sawa na kumwambia aandike kwa kisogo. Karatasi yangu yote ya mipango ilielekea kulia. Yote!

"Bado unamwitia mipango yangu," Joren akasema. Hakusema kwa ubaya. "Mimi nimeshatoka."

Emmett alikuwa amekuja kusimama mbele yangu, anahema.

"Tjaden, kwa nini hukusema?"

"Nilidhani ndivyo mnavyotaka, Kocha."

"Ungeniambia!"

"Ndiyo, Kocha."

Joren akacheka, kisha akauma meno kwa maumivu. "Emmett," akasema, "ukikimbilia kushoto unapapenda?"

Kwa mara ya kwanza nikamsikia yule kijana akijibu kitu kingine. "Kushoto napatia," akasema. "Ule mpango wa kumi na tisa, mkiugeuza, nimewahi kuujaribu na wenzangu baada ya mazoezi. Tulikuwa tunacheza tu."

Nikamgeukia Otis. Kuugeuza mpango si jambo dogo. Safu nzima ya mbele lazima ifanye kinyume cha ilivyozoea, na mmoja akisahau, mrushaji anakanyagwa. "Otis, mtaweza?"

"Mimi niko katikati, Kocha," akasema. "Kulia na kushoto kwangu mlango mmoja. Hawa wengine nitawakumbusha kwa teke."

"Basi twende wa kumi na tisa. Ugeuzeni."

Walirudi uwanjani. Otis aliwasukuma wenzake mmoja mmoja mahali pao, akinguruma. Emmett akapokea, akakimbilia kushoto, na mara moja akawa mtu mwingine: mabega yamelegea, kichwa kiko juu, mkono umerudi nyuma bila haraka. Mpira ukaruka umenyooka. Ukamkuta mtu wetu yadi sita kutoka mstari. Watu wakapagawa. Majaribio mawili yaliyofuata tulimpa mkimbiaji, Otis akafungua njia kwa kiuno, tukavuka.

Pointi sita kwa saba. Hapo ndipo ninapolipwa mshahara.

Ukishavuka una hiari. Unaweza kupiga mpira katikati ya nguzo, karibu uhakika mtupu, upate moja. Tungekuwa saba kwa saba na raundi nyingine ingeanza. Au mpira unawekwa yadi tatu kutoka mstari, unapewa jaribio moja la kuvuka tena. Ukifaulu unapata mbili na mechi ni yako. Ukishindwa, umekwisha. Miaka yote mimi ni mtu wa moja. Waulize wote walionijua. Mpigaji wetu alikuwa ameshaanza kuingia uwanjani akinyoosha mguu.

"Mrudishe," nikamwambia Verlyn. "Twende mbili."

Verlyn aliacha kutafuna. "Wewe? Leland Brandsma?"

"Raundi ya pili sheria inatulazimisha mbili, tutake tusitake. Ya tatu ni mbili tupu, huku na huku, mpaka mmoja akosee. Yule mtoto ana mpango mmoja anaoupenda. Mmoja, Verlyn. Kadiri tunavyokawia ndivyo wanavyomsoma. Na sasa hivi ana moto."

"Wameshamwona akienda kushoto."

"Ndiyo. Watamwahi. Ndicho ninachokitaka."

Verlyn alitema maganda, akamwita mpigaji arudi. Saint Odran nao wakaomba mapumziko, kwa mshtuko nadhani, na hiyo ikanipa dakika moja na Emmett. Nikamshika ukosi wa jezi.

"Sikiliza. Sahau watu ishirini. Unamtazama mtu mmoja, yule mlinzi wa pembeni kushoto, namba nne. Akikujia, mpira unapita juu ya kichwa chake. Akirudi nyuma, kimbia. Basi. Umeelewa?"

"Na akisimama?"

Katika mipango yangu yote, mlinzi huja au hurudi.

"Akisimama," nikasema, "utajua wewe."

Akanikazia macho kuona kama natania. "Sawa," akasema. Hakusema Kocha.

Naapa namba nne alisimama. Emmett alikimbilia kushoto, mpira uko sikioni, na yule bwana akagoma kuja na akagoma kurudi, amekaa katikati amepanua mikono, hajui, na Emmett naye hajui, na nyuma yake majitu mawili ya Saint Odran yanakuja. Joren alikuwa amenishika mkono kwa ule wake mzima, ananiminya. Rusha, nikasema moyoni. Kimbia. Fanya chochote, mwanangu. Na ndiyo, nilisema mwanangu.

Emmett akainua mkono kama anayerusha. Namba nne akaruka. Mpira haukutoka. Emmett akauvuta kifuani, akapita chini ya mikono ya yule aliyekuwa hewani, akajitupa. Watu saba wakamlalia. Waamuzi wakachimbua lile rundo mwili mmoja baada ya mwingine, na kabla hawajafika chini nikasikia sauti ya Otis ikitoka mle ndani: "Amevuka! Amevuka, acheni kunikalia kichwani!" Mwamuzi akapiga magoti, akachungulia, akainuka, akanyoosha mikono yote miwili juu.

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Watu walishuka majukwaani. Verlyn alinibusu shavuni, ana ndevu kama brashi ya viatu. Emmett walimbeba, uso wake umejaa matope na nyasi, akitazama huku na huku kama anayetafuta aliyepaswa kubebwa. Nilipogeuka kumwambia Joren kitu, hakuwepo.

Nilimkuta ndani, kwenye benchi mbele ya kabati lake, peke yake. Daktari alikuwa ameleta gari mlango wa nyuma kumpeleka hospitali akapigwe picha. Kelele za nje zilipenya ukutani. Kwa mkono mmoja alikuwa anajaribu kukata plasta wanayozungushiwa vifundoni kabla ya mechi, na mkasi ulikuwa unateleza.

"Lete," nikasema.

Nikapiga magoti. Ile plasta ikishapata jasho na baridi inakuwa ngumu, lazima ukate polepole usije ukachana ngozi. Miguu yake ni ya mama yake, mirefu, kidole cha pili kimemzidi cha kwanza. Sikuwa nimeishika tangu nilipoacha kumfunga viatu vya shule.

"Amecheza vizuri Emmett," akasema.

"Amecheza."

"Jumatatu nitakaa naye. Tuigeuze mipango yote, siyo ule mmoja tu."

"Itasaidia."

Akakunja uso. Nikadhani ni maumivu. Kisha akauliza, taratibu, kwa sauti ambayo sijaisikia tangu abalehe.

"Baba. Ingekuwa mimi uwanjani, ungeenda mbili?"

Ningeweza kumdanganya, na pengine baba mwingine angedanganya. Nikaendelea kukata.

"Hapana," nikasema. "Ningepiga moja."

"Hata mimi? Mipango yote naijua."

"Ningepiga moja. Halafu raundi nyingine. Halafu nyingine tena, nikutazame tu."

Sikuthubutu kuinua kichwa, kwa sababu mkasi wenyewe nilikuwa siuoni tena. Nilimpenda mno saa ile. Nje walikuwa wameanza kuimba wimbo wa chuo, vibaya, kila mtu na mahali pake. Joren hakuniuliza mpaka lini. Aliinua mguu wa pili, akauweka juu ya goti langu.