Kipande Kilichobaki Kwenye Nta

Asubuhi Peres alipokata roho wodini, mumewe Ogutu alikuwa ng'ambo ya uwanja wa hospitali hiyo hiyo, maabarani, akinoa kisu cha kukatia nyama zinazotolewa miilini mwa wagonjwa kupimwa. Mwuguzi alikuja kumwambia. Ogutu alimsikiliza, akamshukuru, akamalizia kunoa upande wa pili.

"Nenda nyumbani, bwana," alisema Waweru, mwenzake wa kazi. "Kisu hakitakimbia."

"Nyumbani Ngara kuna nani?"

Waweru akarudi kwenye kazi yake.

Mchana alifika Odhiambo, kaka yake Peres, na lori la kumpeleka marehemu kijijini Bondo, kwa kina Ogutu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache hayakuwa na sukari.

"Shemeji, walipompasua walimtoa kitu tumboni. Kiko wapi? Dada yangu hatazikwa nusu."

"Kiko hapa."

"Hapa kwako?"

"Kwangu."

Uvimbe ule ulikuwa umekuja maabarani ndani ya chupa ya fomalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, bila jina, una namba tu, ya penseli, maana wino huyeyuka kwenye spiriti. Ogutu aliupokea kama chupa nyingine yoyote. Daktari alikata kipande kama punje ya hindi. Ogutu akakitoa maji kwa spiriti, akakizamisha katika nta ya moto, na nta ilipoganda akakichana vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, akavibandika kwenye vioo. Alijua ni cha mkewe siku daktari alipomwita na kufunga mlango.

Sasa Ogutu alipoomba kupewa uvimbe ule, daktari hakukataa. Majibu yalikuwa yamekwisha kuandikwa.

"Chukua kilichobaki chupani," alisema. "Na ile nta, ukitaka, iyeyushe ukitoe kipande kilichobaki ndani."

Waweru akawasha tanuri dogo. Ogutu alisimama na nta kiganjani. Kaburi la Bondo angeliona mara moja kwa mwaka, akipewa likizo. Hapa alikuja kila siku.

"Tuiweke?" Waweru aliuliza.

"Zima."

Nje alimpa Odhiambo chupa, ameifunga kwa leso.

"Ndiyo yote?"

Angeweza kusema ndiyo.

"Kuna kipande kidogo kwenye nta. Nimekibakiza."

Odhiambo alikaza fundo la leso, akamrudishia chupa.

"Wewe una kichwa kigumu, shemeji. Mama ataniuliza."

"Mwambie ni mimi."

"Nitamwambia utakuja nacho mwenyewe, siku utakapoletwa wewe kwenye sanduku."

"Sawa."

"Haya, panda. Safari ni ndefu."

Ogutu akapanda nyuma, akakaa kando ya jeneza, chupa katikati ya miguu yake. Hakulia mpaka Bondo, wala huko hakulia. Walimzika Peres, chupa ile wakaizika naye.

Ogutu alirudi kazini. Nta iko kwenye droo, pamoja na nyingine za mwaka ule. Waweru ameonyeshwa ilipo, na anajua aikabidhi kwa watakaompeleka Ogutu Bondo, siku yake ikifika.