Kipaza Sauti cha Mapokezi

Asubuhi ya Jumatatu, karani wa mapokezi hospitalini alibonyeza kitufe cha kipaza sauti, akamwita mgonjwa namba arobaini na mbili aende dirisha la tatu, kisha kwa sauti ileile akaongeza: "Nishikie kiti cha nyuma, nachelewa. Mama ananihoji hata mswaki ukiwa mdomoni." Namba arobaini na mbili aliinuka, akaenda dirishani.

Programu ya kunasa ujumbe ilikuwa imewekwa Jumamosi. Fundi simu aliiingiza kwenye simu ya binti wa karani, mwanafunzi wa chuo, akaificha isionekane, akamhakikishia mama kwamba kila ujumbe utamfikia. Hakusema utamfikia kwa njia gani, na mama hakuuliza. Alikuwa na mtoto huyo mmoja tu, na roho yake ilikuwa juu juu tangu mtoto apewe funguo zake mwenyewe.

Basi kila binti alipoandika, maneno yalimtoka mama mdomoni. Msimamizi alikuja kufoka, akakuta foleni imetulia kuliko siku zote, akarudi ofisini kwake. Watu waliokwisha kupewa dawa walibaki kwenye mabenchi, eti miguu imechoka. Mzee mmoja wa pumu alihamia benchi la mbele kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa zito.

Alhamisi karani alisema, "Kile kivimbe cha kwapani kimekua. Usimwambie mama, atapiga kelele kabla hajauliza kama kinauma."

Akaachia kitufe, akakaa. Aliogopa sana.

"Muulize leo leo," mzee wa pumu akamwambia.

"Nikimuuliza, baba, atajua namsikiliza."

Kwa siku tisa alimpakulia binti yake chakula, akiutazama mkono kila ulipoinua kikombe. Hakuuliza. Alikuwa anangoja aambiwe.

Aliyeuliza ni mama mmoja mwenye bandeji, mgonjwa wa pale pale, aliyemkuta binti dukani akamtambua kwa sura ya mamaye. "Pole, mwanangu. Kivimbe kinaendeleaje?"

Kesho yake binti alikuja hospitalini, akachukua namba, akapanga foleni kama wengine. Alipofika dirishani hakufungua kinywa. Aliandika kwenye simu, na kipaza sauti kikatangaza kwa sauti ya mama yake: "Mama, itoe hiyo programu. Nitakueleza yote mwenyewe."

"Nenda kwanza chumba namba nne," mama akajibu. "Daktari yupo."

"Itoe kwanza," kikasema kinywa kilekile.

"Nikiitoa, nitajuaje kama umekwenda?"

Chumba namba nne kilikuwa hatua kumi kutoka pale, mlango wazi. Binti aliutazama mlango, akamtazama mama yake, akaenda zake. Inauma kusimulia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Programu ilibaki. Tangu siku hiyo kinywa cha karani kikawa na maneno machache tu: "Niko chuoni." "Nimekula." "Niko salama." Wasikilizaji wakachoka, wakachukua dawa zao na kurudi makwao. Msimamizi aliwaagiza makarani wengine wampe mwenzao nafasi amalize, ndipo waite namba inayofuata.

Mwisho wa mwezi mzee wa pumu alisogea dirishani, akauliza kile kivimbe cha binti kiliishia wapi.

"Sijui, baba," karani akasema. "Lakini yuko salama. Amesema sasa hivi."